Shajara Haiwataji Mama Zetu

Tangu Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, atunukiwe Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, na hasa tangu riwaya yake ya 1994 itufikie kwa Kiswahili kwa jina la "Peponi", kwa kalamu ya mfasiri Ida Hadjivayanis, hapa Mombasa umezuka usomaji wa namna moja unaonitia wasiwasi. Watu wanasoma huku wakitafuta jamaa. Huyu tajiri ni wa ukoo gani? Nyumba hii ilikuwa mtaa upi? Wakati huohuo makundi ya ukoo kwenye WhatsApp yamejaa picha za zamani, majina ya mababu na shajara, yaani michoro ya mti wa ukoo, zilizopigwa picha kwa simu, na kila baada ya muda hutokea mtu akauliza kwa nini hapatikani mwandishi wa kwetu akazikusanya habari hizi na kutuandikia riwaya ya ukoo wetu. Akitokea huyo mwandishi na akaandika kweli, kundi lilelile humgeukia: ametuvua nguo mbele za watu. Ombi na lawama vimetoka kwenye fikra moja, kwamba riwaya ni shajara iliyoongezewa maneno, na kwa hiyo kazi yake ni kuwataja wakubwa wetu kwa heshima na kwa usahihi. Fikra hiyo inatuharibia usomaji, na inatuharibia uandishi pia. Riwaya inayotokana na historia ya ukoo huanza pale shajara inapokatikia, kwa watu ambao ukoo uliishi nao, ukala jasho lao, ukazaa nao, kisha usiwaandike.

Hili halina maana kwamba sisi ni watu tusioandika. Madai ya kwamba Mswahili ni mtu wa mdomo tu hayahitaji kujibiwa kwa urefu. Mwengo wa Athumani alikamilisha Utendi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728. Muyaka bin Haji, wa Mombasa hii hii, alifariki mwaka 1840, na mashairi yake yalikaa vifuani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayaandika akishirikiana na mmisionari William Taylor. Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na wanawake wakaunakili na kuupokezana kizazi baada ya kizazi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na kufikia cheo cha Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake mwenyewe, Mazrui walioitawala Mombasa mpaka Seyyid Said alipowang'oa mwaka 1837. Alifariki 1947 na kitabu hicho kikachapishwa 1995 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kwa hiyo ukoo kujiandika si jambo geni katika mji huu. Linalohitaji kuangaliwa ni kila namna ya maandishi ilikuwa ikimwandika nani.

Tarikhi iliandika watawala, vita vyao na mirathi ya viti vyao. Nasaba iliandika mnyororo wa baba, mtoto wa fulani, mtoto wa fulani, mpaka Hadhramaut, Oman au Shirazi, na kwa masharifu mpaka kwa Mtume. Shajara za masharifu nyingi zimechorwa kwa ufundi wa kupendeza, shina, matawi na majani, na katika kila jani kuna jina la mwanamume. Hati iliandika ardhi, deni, mahari na wakfu. Kila moja ilikuwa na kazi yake na iliifanya vizuri. Nasaba ilihitajika kujua nani anamwoa nani na nani anamrithi nani, na sheria ya urithi wa jina ilipita kwa baba. Siwalaumu waliochora matawi hayo bila mama. Ninachosema ni kwamba mtu anayedhani ukoo wake wote umo ndani ya shajara ameamini karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya jambo jingine.

Nitoe mfano mmoja wa nyumbani kwetu. Katika karatasi alizoacha babu mzaa baba kuna hati ya kuuzia shamba la Kisauni, imeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wino umekwisha kugeuka hudhurungi. Aliyeiandika alikuwa makini sana. Ameutaja mpaka wa kibla, wa suheli, wa matlai na wa magharibi, na kila upande akamtaja jirani. Ameihesabu minazi, akaihesabu miembe, akataja na mti mmoja wa mbuyu unaobaki kuwa wa wote. Muuzaji, mnunuzi na mashahidi wameandikwa kwa majina yao, ya baba zao na ya babu zao, kisha kabila. Chini, panapotajwa vilivyomo shambani, pana kibanda na mwanamke akaaye humo. Ana jina moja. Hakufuatishiwa "binti" ya mtu yeyote. Aliyezoea kuzisoma hati za Pwani hahitaji kuelezwa mtu mwenye jina moja, katikati ya watu wenye majina matatu, alikuwa nani: mtumwa, au aliyetoka utumwani. Nilimuuliza shangazi, ambaye ndiye mtunza karatasi, huyu bibi alikuwa nani kwetu. Alinyamaza kidogo akasema, "Mwanangu, hilo si la kuulizwa." Hakukasirika. Alizikunja karatasi kwa uangalifu, akazirudisha kwenye mfuko wa plastiki, akaniuliza kama nitakula hapo.

Mwanahistoria akiipata hati ile ataandika kwamba palikuwa na mwanamke, na pengine atalinganisha na hati nyingine za miaka ileile. Zaidi ya hapo hana ruhusa ya kwenda, na akienda atakuwa amevunja miiko ya kazi yake. Anayechora shajara hana hata sababu ya kusimama hapo. Aliyebaki ni mwandishi wa riwaya, ambaye kazi yake ni kuuliza kile ambacho karatasi haikuulizwa: shamba lilipouzwa asubuhi ile na wanaume wakahesabu minazi wakipita mbele ya mlango wake, yeye alikuwa akifanya nini? Alijua kwamba anahesabiwa?

Wanaodhani haya ni mambo ya kale wazihesabu tarehe. Mkataba wa 1873 ulifunga soko la watumwa la Unguja. Amri ya 1897 iliondoa utumwa katika sheria za Unguja na Pemba, lakini masuria, yaani vijakazi waliowekwa kinyumba na mabwana zao, waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Kwenye ukanda wetu, uliokuwa kwa jina ni wa Sultani na kwa vitendo unaendeshwa na Waingereza, utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, na waliolipwa fidia ni mabwana. Mtoto aliyezaliwa utumwani mwaka 1900 angeweza kabisa kuwalea wajukuu waliozaliwa miaka ya 1950, na wajukuu hao tunao, tunaswali nao, tunakunywa nao kahawa barazani Kibokoni na Kuze. Wengi waliokuwa watumwa walichukua majina ya koo za mabwana zao wa zamani, wakawa watu wa ukoo, na ukoo ukawakubali kwa masharti ambayo hayakuandikwa popote. Hayo masharti, nani anakaa wapi kwenye karamu, binti wa nani haposwi na nani, ndiyo historia ya familia hasa. Kwenye shajara hayamo.

Kisha kuna masuria, na hapa ndipo ukimya ulipo mzito zaidi. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni mtu huru, na anarithi sawa na ndugu zake waliozaliwa na mke wa ndoa. Mama yake haruhusiwi kuuzwa tena, na bwana akifa anakuwa huru. Ndiyo maana nasaba iliweza kumchukua mtoto na kumwacha mama bila ya mtu yeyote kuhisi kwamba amedhulumu. Angalia nyumba ya watawala wenyewe. Majid na Barghash, wana wa Seyyid Said ambao bendera yao ilipepea mpaka kwenye Ngome ya Yesu, mama zao walikuwa masuria, mmoja Mcherkesi na mwingine Mhabeshi. Hukumu za wana hao, barua zao na mikataba yao tunayo. Habari za maisha ya mama zao, nyumba walizokaa, ugomvi wao na lugha walizozungumza wakiwa peke yao, tumezipata kwa sehemu kubwa kutoka kwa dada yao, Sayyida Salme, katika kumbukumbu alizozichapisha 1886 huko Ujerumani, kwa Kijerumani, baada ya kutoroka, kuolewa na kuwa mjane akiitwa Emily Ruete. Binti wa suria ndiye aliyewaandika masuria, na ilibidi awe mbali sana na nyumbani ndipo aweze. Gurnah naye ameziandika riwaya zake zote akiishi Uingereza. Sidhani kwamba umbali huo umetokea tu.

Mombasa, hata hivyo, tunaye aliyeandika akiwa hapa hapa, na inasikitisha kuwa anasomwa na wachache. James Juma Mbotela alitoka Frere Town, kijiji ambacho wamisionari wa Kianglikana walikianzisha bara, ng'ambo ya kisiwa, katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Kengele yake ndiyo iliyopapa mahali paitwapo Kengeleni jina hilo. Mbotela alikuwa wa uzao wa watu hao, na kitabu chake "Uhuru wa Watumwa" kilitolewa London na Sheldon Press mwaka 1934, kabla hata Pwani haijazoea neno riwaya katika vitabu vya kuchapwa. Ukoo huo ndio uliomtoa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, sauti ambayo Wakenya waliijua kwa miongo. Wahakiki wamekilaumu kitabu kwamba kinawasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ni ya haki: mwokozi ndani yake hana dosari, na Mwarabu hana jema. Lakini waliolaumu wamesahau kuuliza nani alikuwa mchapishaji na mwaka ulikuwa upi. Sheldon Press ilikuwa tawi la wachapishaji wa kikanisa. Mbotela aliandika kwa mdomo ulioachiliwa nusu. Mimi nikikisoma nawatafuta walio nyuma ya sifa hizo: mzee aliyechukuliwa utotoni kutoka bara ya mbali, akabatizwa jina jipya pwani, akazeeka akisimulia safari yake kwa watoto wasioweza kuwazia kijiji alikotoka. Wazee hao wamo kitabuni, na sifa kwa Mzungu zimepakwa juu yao kama chokaa. Hicho ni kitabu cha ukoo. Ni kitabu cha upande mmoja wa maji, na upande huu wa kisiwani, kwenye nyumba zenye milango ya nakshi, hakuna aliyekijibu kwa miaka mingi.

Sasa wanaopinga riwaya za namna hii wana hoja, na moja kati ya hizo ni nzito. Ni hoja ya sitara. Tumefundishwa kwamba anayemsitiri ndugu yake Mwenyezi Mungu atamsitiri, na kwamba wafu wanatajwa kwa mema yao. Maiti hana ulimi wa kujitetea. Tena aibu yenyewe haimwangukii aliyekufa. Inamwangukia kijana wa leo anayetaka kuposa, na wazee wa upande wa pili wanaulizana pembeni, "Hawa ni watu gani hasa?" Mwandishi anayeandika kwamba bibi wa fulani alikuwa mtumwa anaweza akadhani anampigania yule bibi, kumbe amewapa majirani silaha ya kumpigia mjukuu wake. Nimeliona hilo likitokea kwa maneno matupu ya barazani, bila kitabu, kwa hiyo siwezi kulipuuza. Lakini tuitazame sitara hii inamsitiri nani. Aliyefanywa mtumwa hakutenda dhambi ya kusitiriwa. Aibu, kama ipo, ni ya aliyemnunua. Tukimfunika yeye pamoja na bwana wake katika shuka moja tumemsaidia bwana, na mwanamke wa watu tumemzika mara ya pili. Na wahenga walishasema mficha uchi hazai. Jamii inayomnyima kijana mchumba kwa sababu ya bibi yake itaendelea kufanya hivyo kwa minong'ono mpaka pawe na mahali ambapo jambo hilo limesemwa kwa sauti, kwa lugha nzuri, na likasomwa na wote wawili, mposaji na mposwaji.

Hoja ya pili inahusu lugha na msomaji. Wanasema: riwaya hizi zinaandikwa kwa Kiingereza, zinapewa tuzo Ulaya, na Mzungu anapata kujifurahisha kwa kusoma jinsi Mwarabu na Mswahili walivyokuwa wabaya kuliko yeye. Nakubaliana na nusu ya hoja hiyo. Ni kweli kwamba jambo la nyumbani likisemwa kwanza kwa lugha ya mgeni, wenyewe hulipokea kama mashtaka. Ndiyo sababu nasema tafsiri ya "Peponi" ni tukio kubwa kuliko tuzo yenyewe. Sasa bibi wa Majengo asiyesoma Kiingereza anaweza kusomewa na mjukuu wake, akakatiza, akabisha, akasema hapa mwandishi amekosea, mahari haikuwa hivyo. Nusu ninayoikataa ni ile inayodhani kwamba kisa kikimfurahisha adui basi kilikuwa cha uongo au hakikustahili kusemwa. Gurnah hakuwasaza Wajerumani wala Waingereza, na anayesoma mpaka mwisho anaona ni nani anaingia na bunduki na kuchukua kila kitu. Dawa ya hoja hii ni kuandika zaidi kwa Kiswahili, na kuchapisha hapa kwetu.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba riwaya ni uongo, na kama tunataka kujua tulikotoka basi tuache hadithi tushike tarikhi. Msemaji wa maneno haya hajaisoma tarikhi. Chukua ile ya Pate, mashuhuri kuliko zote katika visiwa vya Lamu. Inasimuliwa kwamba nakala ya asili ilipotea Waingereza walipoupiga mji wa Witu mwaka 1890. Tulizo nazo ni nakala za baadaye, na kadhaa kati yake zinatokana na mtu mmoja, Bwana Kitini wa ukoo wa Nabahani, aliyewasimulia au kuwaandikia maofisa mbalimbali. Nakala hizo hazikubaliani. Miaka ya utawala inatofautiana, matukio yanapandishwa na kushushwa. Na hakuna haja ya kumwita Bwana Kitini mwongo. Alikuwa mtu wa ukoo uliopoteza kiti, anausimulia ukoo huo kwa mgeni aliyeshika madaraka, na kila mara alichagua cha kusema kulingana na aliyekaa mbele yake. Shajara nayo huchagua. Hati huchagua. Tofauti ya riwaya ni kwamba inatangaza tangu jalada la kwanza kwamba imechagua na imebuni, na kwa hiyo inampa msomaji nafasi ya kupima. Tarikhi ya ukoo haimwambii msomaji wake hivyo, naye huiamini yote.

Nimezitaja hoja tatu kama zinavyosemwa, lakini nadhani kuna ya nne isiyosemwa, na hiyo ndiyo inayoziendesha nyingine. Ni ardhi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki kwa ukanda wa Pwani: kila anayedai ardhi alete madai yake yasajiliwe, na isiyodaiwa iwe ya Taji la Uingereza. Ilikuja mwaka mmoja tu baada ya utumwa kufutwa. Waliokuwa na karatasi, mashahidi na mtu wa kuwasemea walipata hati. Waliokuwa wakiishi shambani kwa idhini ya mdomo, yaani watumwa waliotoka kuachwa huru, watoto wao, na majirani wengi wa Kimijikenda, hawakupata, na vizazi vyao ndivyo tunavyoviita skwota mpaka leo. Sasa fikiria mtu ameandika riwaya kuhusu shamba, mwenye shamba, suria, na mtoto aliyekubaliwa na baba yake na kisha jina lake likaangushwa wakati wa kusajili. Kwa sheria niliyoitaja hapo juu, mtoto huyo alikuwa mrithi kamili. Ukoo unaposema "usituvue nguo", wakati mwingine maana yake ni kwamba kuna kesi mahakamani, au inaweza kuzuka. Naelewa hofu hiyo. Lakini imeelekezwa pasipo. Hakuna hakimu wala kadhi atakayempa mtu shamba kwa sababu ya ukurasa wa riwaya. Karatasi zilizomo kwenye ule mfuko wa plastiki ndizo ushahidi, na karatasi hizo zilikuwapo kabla ya mwandishi kuzaliwa. Riwaya haiwezi kumrudishia mtu minazi. Inaweza kumfanya mwenye minazi ajue kwamba palikuwa na mtu kwenye kibanda, na hilo, nadhani, kwa wengine ndilo zito kuliko kesi.

Kuhusu usomaji, lawama ninaiweka kwa sehemu kwenye namna tulivyofundishwa. Mkenya wa kawaida alikutana na riwaya ya Kiswahili kama kitabu teule cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Alikisoma akiwa na kalamu mkononi, anatafuta maudhui, sifa za mhusika, umuhimu wa mhusika, mbinu za lugha, na swali la dondoo: haya yalisemwa na nani, akimwambia nani, wapi. Mtu aliyefundishwa miaka minne kuuliza "nani alimwambia nani" atakapoisoma riwaya ya Pwani akiwa mtu mzima atauliza swali hilohilo kwa namna ya mtaani: huyu ni nani wa kweli? Vijana wanaofuata simulizi za sehemu sehemu kwenye simu wana afueni, wanasoma kwa kutaka kujua itakuwaje, na hiyo ni nusu ya usomaji mwema. Nusu ya pili ni kuvumilia kutojua. Katika "Peponi" mvulana Yusuf anachukuliwa kutoka kwa wazazi wake na tajiri aitwaye Aziz, ambaye amezoea kumwona kama ami yake. Si ami. Baba yake amemweka rehani kwa sababu ya deni. Msomaji anayetafuta ni ukoo gani uliokuwa na tajiri kama huyo atalikosa jambo lenyewe, kwamba mtoto aliishi ndani ya maneno ya ujamaa akidhani yuko kwenye ujamaa. Wangapi kwetu walikuzwa wakimwita mtu mama mkubwa, au ami, au "huyu ni mtu wa nyumbani", na hawakuambiwa jina hilo lilianzia wapi? Swali la riwaya ni hilo, na linamhusu msomaji hata kama babu yake alitoka Kitui.

Mwandishi naye ana wajibu wake, na sisi wa kazi hii hatuusemi vya kutosha. Anayechukua mambo ya ukoo akayaandika ili amlipize mjomba aliyemdhulumu urithi ameandika barua ya ugomvi, hata akiipa sura ishirini. Anayebuni dhambi na kuitwika kwa mtu ambaye mtaa mzima utamtambua kwa kilema chake, duka lake na jina la mkewe, amemdhulumu, na kusema "ni hadithi tu" hakumwokoi. Mimi huhamisha mtaa, huhamisha mwaka, huwachanganya watu watatu kuwa mmoja, na wale walio hai nawasomea kabla ya kuchapa. Shangazi nilimsomea. Alinisahihisha mambo ya upishi na ya ada za arusi, mengine akayaacha yapite, na sehemu ya yule mwanamke wa shambani alitaka nirudie kuisoma.

Kilicho cha haraka zaidi kuliko riwaya ni wazee wenyewe. Wanaoweza kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu kwenye hati za zamani wanazidi kupungua, na wanaokumbuka nani alikuwa mama wa nani wanapungua haraka kuliko hao. Kundi la ukoo linalotaka kuandikiwa kitabu lina kazi ya kufanya kabla ya kumtafuta mwandishi. Lipige picha karatasi zote, za fahari na zisizo za fahari, kila ukurasa mbele na nyuma. Limkalishe bibi mmoja mwenye kumbukumbu, mbele yake simu ya kurekodi, na shajara ikunjuliwe mezani. Kwa kila jina lililomo kwenye kila jani aulizwe jambo moja: mama yake nani, na alitoka wapi. Na akisema hilo si la kuulizwa, arekodiwe akisema hivyo, kisha aulizwe jina linalofuata.